Treni Inayofuata Ni Saa Ngapi?

Najua wengi wenu mnanisikia mkiwa ndani ya matatu, pengine pale Roysambu au Githurai, magari yamejipanga na dereva amekwisha kuzima injini. Basi na tuongee habari za treni, maana saa hii ndiyo yake.

Ukipita leo katika mitaa ya Ruiru na Thika utaona vibao vya madarasa ya Kijerumani, vingine vimebandikwa juu ya duka la dawa, vingine juu ya kinyozi. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin mkataba wa kuwarahisishia wafanyakazi wetu kwenda huko, ingawa vijana walikuwa wameanza kwenda zamani: huyu kulea watoto katika familia, huyu kujifunza uuguzi, yule chuo kikuu. Wakishafika na kupata kibali cha kukaa, kuna mlango mwingine unaowafungukia. Kibali hicho kinawaruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen bila kuomba viza upya, mradi wasipitishe siku 90 ndani ya siku 180. Nchi hizo sasa ni 29. Sisi tuliobaki huku, kwa matembezi hayohayo, tunalipa euro 90 za maombi, tunaambatisha taarifa za benki na bima ya matibabu ya euro 30,000, kisha tunangoja jibu. Kwa hiyo kijana wa Ruiru akiipata nafasi hiyo haichezei. Anatia nguo mbili katika begi la mgongoni, anapanda treni.

Binti wa jirani yetu, mwanafunzi wa uuguzi karibu na Köln, alikuja nyumbani Desemba, akaketi na watu wa kwao, simu ikazunguka mkono kwa mkono. Köln, Brussels, Paris, Amsterdam, Berlin, Praha, Vienna. Miji saba katika likizo moja fupi. Mbele ya Mnara wa Eiffel amevaa jaketi ileile aliyoivaa kando ya mifereji ya Amsterdam, na ukitazama vizuri unaona begi liko mgongoni karibu katika kila picha. Bibi yake alikuwa wa mwisho kupewa simu. Aliitazama picha moja moja bila haraka, kisha akauliza, "Na hapo Vienna ulilala kwa nani?"

"Nililala kwenye treni, cucu. Tuliingia asubuhi, tukatoka jioni."

"Na hapa kwenye daraja?"

"Hapo ni Praha. Hapo tulilala hosteli, lakini tulifika usiku."

Bibi akarudisha simu, akaendelea kumenya viazi.

Sitaki mtu adhani ninamlaumu binti huyu. Mwanafunzi wa uuguzi ana siku chache za likizo na fedha chache zaidi, na hajui kama mwakani atakuwa bado na kibali. Treni ya usiku inamwokolea bei ya kitanda, kwa sababu kiti anachokilipia ndicho kinachomfikisha mji wa pili alfajiri. Hesabu hiyo ameipiga sawasawa. Swali la bibi yake, hata hivyo, limebaki nami, na kadiri ninavyolifikiria ndivyo ninavyoona kwamba linatuhusu sisi wa Thika na Ruiru kuliko linavyomhusu yeye. Kulala kwa mtu, kushuka ukasalimia, kula cha mahali hapo: ndivyo wazee walivyopima safari. Nao walisafiri.

Tena baadhi yao walikwenda mbali mno. Mwaka 1875 Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, alizuru Uingereza, akapelekwa kwa treni kutoka London mpaka Birmingham, Liverpool na Manchester. Miaka 21 baadaye, mwaka 1896, Mngazija mmoja aliyeitwa Salim bin Abakari alitoka Berlin na bwana wake, Mjerumani, wakaenda Urusi, wakapita mpaka Siberia. Salim aliiandika safari hiyo kwa Kiswahili, na mwaka 1901 ikachapishwa katika kitabu cha Safari za Wasuaheli alichokihariri Carl Velten. Aliandika kuhusu watu aliowakuta njiani, wanavyoishi na wanavyoabudu. Kwa hiyo Mwafrika Mashariki anayeizunguka Ulaya kwa reli huku akiweka habari za alichokiona si mtu wa zama za simu. Yupo katika maandishi ya Kiswahili kwa zaidi ya miaka 120.

Turudi kwa binti wetu, tuitazame Ulaya yake kwa karibu, maana kuna kitu pale ambacho picha hazikukionyesha.

Ukitoka mlango mkuu wa stesheni ya Köln, huhitaji kuuliza njia. Kanisa kuu limesimama mbele yako, minara yake miwili ya mita 157 imepanda juu kiasi kwamba huwezi kuipiga picha yote bila kurudi nyuma hatua nyingi. Ujenzi wake ulianza mwaka 1248 na ukakamilika 1880. Msafiri anaweza kushuka kwenye treni, akaweka begi katika kabati la stesheni kwa euro chache, akaingia kanisani, akapanda ngazi za mnara, akala kitu, akarudi, akaendelea na safari yake. Brussels iko chini ya saa mbili kutoka hapo, na Brussels mpaka Paris ni kama saa moja na nusu.

Lakini hiyo kasi ndiyo inayosemwa na kila mtu. Jambo lenyewe liko kwenye ubao wa ratiba. Ukiikosa treni ya saa nne, kuna nyingine. Ukiamua kwamba mji mdogo ulioupita dirishani unakuvutia, unashuka, na baada ya saa moja au mbili inakuja treni ya kukuondoa hapo. Mei 2023 Ujerumani ilianzisha tiketi ya euro 49 kwa mwezi mzima, ambayo mwaka 2025 ilipanda hadi euro 58, inayokubaliwa katika treni zote za mikoa nchi nzima, mabasi na tramu pamoja. Haikupeleki kwenye zile treni za mbio. Inakupandisha zile zinazosimama kila mahali. Mwenye tiketi hiyo hafungwi na saa wala na kiti. Anaweza kushuka. Wengi wa vijana wetu wanayo mfukoni, wanaitumia kwenda kazini, na wikendi inawapeleka kwenye vijiji vya kando ya mto Rhein ambavyo hakuna mtu Ruiru aliyepata kuvisikia. Yule binti alipoulizwa baadaye ni wapi alipopapenda, hakutaja Paris. Alitaja kijiji kimojawapo cha hivyo, ambako mama mmoja mwenye duka la mikate alimuuliza anatoka wapi, wakaongea mpaka treni mbili zikapita.

Treni mbili zikapita, na hakuna kilichoharibika.

Sasa tuje huku kwetu, kwenye reli inayopita nyuma ya nyumba zetu.

Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Tawi la Thika lilifunguliwa mwaka 1913, na katika karatasi za serikali ya wakati huo liliitwa njia ya tramu ya Thika. Kusudi lake lilikuwa kubeba kahawa na mkonge wa masetla, wala si kumtembeza mtu yeyote. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikasukumwa mbele, Murang'a, Sagana, Karatina, mpaka ikafika Nanyuki mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ndani ya mabehewa watu waligawanywa kwa rangi: daraja la kwanza la Wazungu, la pili la Wahindi, la tatu letu. Reli hiyo haikujengwa kwa ajili ya macho ya Mwafrika, na nadhani hilo ni sehemu ya sababu ya sisi kutoizoea kama kitu cha kutembelea nacho. Babu zetu waliipanda kwenda kibarua au kupeleka mazao.

Hata hivyo, kulikuwa na wakati ambapo tiketi ya reli ilikufikisha mbali. Mwaka 1972 mashirika ya reli ya Ulaya yalianzisha tiketi ya Interrail: kijana asiyezidi miaka 21 alilipa mara moja, akazunguka nchi 21 kwa mwezi mzima. Ndiyo iliyosaidia kuueneza huu mtindo wa begi mgongoni. Mwaka huohuo, huku kwetu, kulikuwa na Shirika la Reli la Afrika Mashariki, makao yake Nairobi. Msafiri aliweza kupanda treni Nairobi akashuka Kampala. Aliweza kubadili treni Voi akaenda Moshi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Tanzania ukafungwa, na shirika likagawanywa vipande vitatu. Wenzetu waliipanua tiketi yao mpaka watu wa umri wote. Sisi tulianza kupoteza treni moja baada ya nyingine, na kwa miaka mingi reli ya kwenda Nanyuki ikaota majani.

Mwaka 2020 ikafufuliwa. Shirika la Reli, wanajeshi na vijana wa Huduma ya Taifa walifyeka, wakabadilisha mataruma, na treni ya abiria ikarudi, Ijumaa kupanda, Jumapili kushuka. Siku za mwanzo watu walitoka majumbani kuipungia mikono. Na kuna habari nyingine ya mwaka huohuo ambayo naipenda sana. Kenya ilinunua magari 11 ya dizeli ya abiria kutoka kisiwa cha Mallorca, Uhispania. Mallorca ni kisiwa wanachokimbilia watalii wa Ulaya kila kiangazi. Magari hayo yalikuwa yakiwabeba kutoka mji mkuu wa Palma kwenda miji ya ndani ya kisiwa, mpaka wenyeji walipoweka nyaya za umeme juu ya reli zao na magari ya dizeli yakabaki bila kazi. Kwa nini yalitufaa sisi? Kwa sababu reli ya Mallorca ina upana wa mita moja kamili kutoka chuma hadi chuma, sawa na reli yetu ya zamani. Reli nyingi za Ulaya, kama reli yetu mpya ya SGR, zina milimita 1,435, na magurudumu ya huko yasingekaa hapa. Kisiwa hicho kidogo kilikuwa na kipimo chetu.

Kwa hiyo mfanyakazi wa Nairobi anayepanda moja ya magari hayo asubuhi ameketi juu ya kiti ambacho zamani alikikalia msafiri wa Ulaya aliyekuwa akienda kutembea. Dirisha ni lilelile. Kilichobadilika ni kwamba yule wa kwanza alishuka popote alipotaka.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Chukua treni ya Nanyuki. Inatoka Nairobi, inapita Makadara, Dandora, Githurai, Kahawa, Ruiru, inafika Thika. Tuseme wewe ni kijana wa mtaa wa Umoja, hujawahi kufika Thika ila kwa kupita, na unaona stesheni ile ya zamani, unataka kushuka utembee. Ukishuka, safari yako ya Nanyuki imekwisha, maana treni nyingine kama hiyo ni wiki ijayo. Utamaliza kwa matatu. Kwa hiyo hushuki. Unapiga picha dirishani, unaendelea. Treni za wafanyakazi nazo kwa miaka mingi zimekuwa za asubuhi kwenda mjini na jioni kurudi, nyingi zikiishia Ruiru, kilomita kama 20 kabla ya Thika. Saa za mchana, ambazo ndizo za kutembea, reli imelala.

Tukilalamika kuhusu treni zetu, husema haziendi mbio. Nimesikia viongozi wakitamba kwa kilomita za saa, na SGR ilipozinduliwa Mei 2017 sifa yake ya kwanza ilikuwa kwamba Mombasa sasa ni kama saa tano. Nafurahi kwa hilo. Lakini stesheni yake ya Nairobi iko Syokimau na ya Mombasa iko Miritini, na ukishuka bado una safari nyingine ya kuingia mjini. Stesheni zetu kuukuu, Ruiru na Thika, ziko ndani ya miji yenyewe. Ukitoka nje uko mtaani, unasikia makanga wakiita. Hilo ndilo jambo ambalo Köln inalo, nasi tunalo tayari tangu 1913, bila kujenga chochote. Tunachokosa ni treni inayofuata.

Mtu ataniuliza, ashuke aone nini? Swali hilo nimelisikia hata kwa wenyeji, na linaniuma.

Tuanze na Ruiru, ambao watu huuchukulia kama mahali pa kulala tu. Sensa ya 2009 iliukuta mji una watu karibu 239,000. Ile ya 2019 ikawakuta 490,000. Mashamba ya kahawa yamekatwa vipande, yakaota maghorofa. Lakini hapohapo Ruiru ndipo ilipo taasisi ya utafiti wa kahawa, na ndipo watafiti walipozalisha aina ya mbuni inayostahimili ugonjwa wa chulebuni na kutu ya majani, magonjwa yaliyokuwa yakiwafilisi wakulima. Mbuni huo ulitolewa kwa wakulima mwaka 1985, ukapewa jina la Ruiru 11. Leo ukiingia katika mkahawa wa wajuzi wa kahawa Berlin au Amsterdam, ukachukua pakiti ya kahawa ya Kenya, ukasoma maandishi madogo ya nyuma, utakuta majina ya aina za mbuni: SL 28, SL 34, Ruiru 11. Yule binti alilikuta hilo la mwisho. Alikuwa akingoja treni, akaingia kujikinga na baridi, akaliona jina la kwao kwenye pakiti ambayo bei yake ilimfanya airudishe rafuni. Alisema alitaka kumwambia muuzaji, huko ndiko nilikozaliwa, akaona haya. Na mimi namuuliza kila anayeishi Ruiru: wewe umewahi kuona ule mbuni ulivyo? Umewahi kunywa kikombe chake, hapa, karibu na shina? Mjerumani angekuwa na mji wenye jina la kahawa inayojulikana duniani, stesheni ingekuwa na mkahawa, na watoto wa shule wangeletwa kwa treni kuona miche.

Mbele ya Ruiru ni Juja, na huko ndiko alikokuwa na shamba William Northrup McMillan, Mmarekani tajiri aliyempokea Theodore Roosevelt mwaka 1909. Roosevelt alikuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani. Alitoka Mombasa kwa treni akiwa ameketi mbele kabisa ya kichwa, juu ya kiti kilichowekwa pale ili aone wanyama. Reli ya Thika haikuwapo bado, kwa hiyo huku hakuja kwa treni. McMillan alifariki mwaka 1925 na kaburi lake liko kwenye mteremko wa Kilimambogo, ambao ramani huuita Ol Donyo Sabuk, mlima unaouona kutoka Thika ukitazama mashariki siku ya anga safi.

Na sasa Thika. Wazungu waliujua mji huu kwa kitabu cha Elspeth Huxley cha mwaka 1959, kuhusu miti ya maua mekundu na utoto wake katika shamba la wazazi wake, na baadaye kwa mchezo wa televisheni wa mwaka 1981. Kuna wageni waliovuka bahari wakiitafuta ile miti. Sisi tuna mti wetu. Pale bustani ya Mugumo ulikuwapo mti mkubwa wa mugumo. Wazee husimulia kwamba mtabiri Mugo wa Kibiru, kabla wakoloni hawajaingia, alisema watakuja wageni weupe kama vyura, na atakuja nyoka wa chuma anayetoa moto, kutoka maji makubwa hadi maji makubwa, na kwamba mti ule wa Thika utakapoanguka ndipo wageni watakapoondoka. Inasimuliwa kwamba wakoloni waliposikia habari hizo waliuzungushia mti ule ukingo ili usianguke. Mwaka 1963 ukaanguka. Fikiria: mtu mmoja katika masimulizi ya watu wetu anaihusisha reli na uhuru, na mahali penyewe pako Thika, mwendo wa miguu kutoka katikati ya mji. Ukishuka kwenye huyo nyoka wa chuma unaweza kwenda kusimama ulipokuwa mti. Nimesafiri na vijana waliosoma habari za mti huo shuleni wakiwa Thika, wakafanyia mtihani, na hawakuwahi kupelekwa pale.

Ukiondoka bustanini, boda boda itakufikisha haraka mahali ambapo mto Chania na mto Thika inakaribiana, kila mmoja na maporomoko yake, na katikati ipo hoteli ya Blue Posts iliyojengwa mwaka 1908, kabla reli haijafika. Keti pale na chai. Maji ya Chania yanaanguka upande mmoja, ya Thika upande wa pili, na ukisogea hatua chache kelele ya mto mmoja inapungua na ya mwingine inaongezeka. Barabara kuu inapita juu kidogo. Maelfu ya magari huvuka mito hiyo kila siku, na wengi walio ndani hawajui kwamba wamevuka chochote. Barabara ile ilipofunguliwa na Rais Kibaki Novemba 2012, kilomita karibu 50 za njia nane mahali pengine, tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini ilitufanya watu wa kupita. Anayekwenda Nyeri anapita. Anayekwenda Garissa anapita. Thika imekuwa jina la barabara.

Kuna pia Maporomoko ya Kumi na Manne, upande wa barabara ya Garissa, ambako mto Athi unagawanyika vijito na kuanguka kwa pamoja kwenye mwamba mpana. Nitasema wazi: usiende ukitegemea maji meupe. Mto ule unabeba taka za Nairobi, na kuna siku povu lake linanuka. Nataka watu waende hata hivyo. Uchafu usioonwa na mtu hausafishwi na mtu, na mkazi wa Nairobi akisimama pale ataona maji yake ya jikoni yanakofika. Njiani atapita mashamba ya mananasi, na wauzaji watamkatia nanasi papo hapo, wamtilie pilipili na chumvi akitaka. Wengine huuza makadamia, zao lililoletwa karibu na Thika kutoka Australia miaka ya 1940 na sasa limeenea mpaka Embu na Meru.

Hayo yote ni kazi ya siku moja, na hayahitaji viza.

Najua reli inaendeshwa kwa hesabu, na treni tupu ni hasara. Lakini abiria hawaji kwanza ndipo treni ije. Mtu hapangi kutembea kwa kutegemea treni ambayo huenda isiwepo wiki ijayo, ratiba ikibadilika bila tangazo. Ulaya ilielewa hilo: ratiba iwepo, ikae miaka, ibandikwe ukutani, watu watajifunza kuitegemea. Magari ya Mallorca tayari yako Nairobi. Jumamosi, wakati wafanyakazi wengi wamepumzika, baadhi yake yanaweza kutumika. Njia ya Thika tayari imekarabatiwa. Walimu wapo, wanafunzi wapo, familia za Umoja, Kasarani na Kahawa ambazo watoto wao hawajawahi kukanyaga behewa zipo.

Ombi langu kwa Shirika la Reli na kwa serikali ya Kaunti ya Kiambu ni hili, nanyi wasikilizaji mlipeleke popote mnapoitwa kutoa maoni yenu kuhusu bajeti. Treni itoke Nairobi Jumamosi saa mbili asubuhi, isimame Githurai, Kahawa na Ruiru, ifike Thika. Nyingine ije saa sita. Ya kurudi itoke saa tisa, na ya mwisho saa kumi na moja na nusu, ili anayechelewa kwenye maporomoko asiachwe. Tiketi iwe ya siku nzima, mtu ashuke Ruiru anywe kahawa, apande inayofuata. Pale stesheni ya Thika pawekwe chumba chenye makabati ya mizigo, choo safi, na ramani ukutani inayoonyesha njia ya miguu kwenda bustani ya Mugumo. Vijana waliosomea utalii na hawana kazi wasimame mlangoni na vitambulisho vyao. Shule zipewe nauli nafuu kwa vikundi.

Na ninyi mnaorudi kutoka Ujerumani Desemba hii, mkiwa na wiki tatu na macho yaliyokwisha kuzoea kutazama miji, msizimalizie zote kwenye harusi na maduka. Mwajua jinsi ya kusoma ratiba. Nendeni stesheni ya Ruiru, muulize kwa karani treni inayofuata ni saa ngapi, na akiwaambia ni kesho, au wiki ijayo, mwambieni mnataka lile jibu liandikwe, lipelekwe kwa wakubwa wake, kwamba kuna watu walikuja kuuliza.